Sekunde Nne za Kimya

Jua la Songwa likishafika saa nane halina huruma na mapaa ya bati, na ndiyo sababu darasa lile lilihamia nje. Chini ya mwarobaini ulio nyuma ya jengo la skuli, wanafunzi wa kidato cha kwanza walikaa nusu duara, wengine juu ya mizizi, wengine juu ya matofali yaliyosalia katika ujenzi. Mbele yao, juu ya kigoda, kililazwa kishikwambi kimoja. Kilitoa sauti ya mwanamke iliyouliza kwa Kiingereza, polepole, iwapo nyumba ya kwenu iko mbali au karibu. Kisha kikanyamaza. Kimya kile kilidumu sekunde nne, kwa kuwa ndivyo kilivyopimwa, na ndani ya sekunde hizo mwanafunzi aliyefikiwa na zamu alitakiwa kujibu kabla swali la pili halijaingia.

Mvulana mmoja mrefu, mwembamba, hakujibu. Mwalimu akanyoosha kidole akaisimamisha sauti, kimya kikarefuka. Wenzake walimtazama, kisha wakatazama chini. Hata hivyo hakujibu. Ilikuwa wiki ya tatu tangu mvulana huyo aache kutamka neno la Kiingereza mbele ya watu, na mwalimu aliijua sababu, maana yeye mwenyewe alikuwa na mkono ndani yake.

Mwalimu huyu ni mtu wa pwani. Alizaliwa Kilindoni, kisiwani Mafia, akasomea ualimu Dar es Salaam, na alipopangiwa kituo cha kazi alipata jina la mahali ambapo hakuwahi kulisikia. Songwa ni kata ya wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, upande ule wa Mwadui ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Kutoka kwao ni boti hadi Nyamisati, gari hadi Dar es Salaam, kisha basi la kutwa na sehemu ya usiku hadi Maganzo, na kutoka hapo ni pikipiki katika vumbi jeupe. Bahari ilibaki nyuma kabisa. Alichokuja nacho, pamoja na masanduku mawili, ni ile yakini waliyo nayo watu wengi wa visiwani kwamba katika suala la lugha wao hawana cha kuulizwa.

Yakini hiyo haikuwa ya bure. Pale skulini hapakuwa na mwalimu aliyekisema Kiswahili kama yeye, na walimu wenzake walimwomba asimamie mashairi ya siku ya mahafali. Lakini ilimchukua muda kutambua kwamba darasani mwake yeye alikuwa akifundisha lugha ya kigeni kwa kupitia lugha nyingine ambayo nayo, kwa watoto wale, haikuwa ya nyumbani. Nyumbani ni Kisukuma. Sokoni ni Kisukuma, machungani ni Kisukuma, msibani ni Kisukuma. Mtoto hukutana na Kiswahili kwa dhati anapoingia darasa la kwanza, akakisomea kwa miaka saba, na mara tu anapoanza kukizoea anahamia sekondari ambako fizikia, jiografia, historia na hesabu zote zinamngojea kwa Kiingereza. Mtoto wa Kilindoni anaruka mtaro mmoja. Mwenzake wa Songwa anaruka miwili, na wa pili anautoka angali hajasimama sawasawa kutoka wa kwanza.

Jambo hili halikuanza jana. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba elimu ya sekondari ifundishwe kwa Kiswahili, na mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakaandika ripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakitoshi kuwabebea masomo. Pendekezo la tume halikutekelezwa, na Kiingereza kimebaki lugha ya kufundishia sekondari hadi leo. Wasomi wamelijadili suala hili kwa miongo minne na wataendelea kulijadili. Mwalimu wa Songwa hakuwa na nafasi katika mjadala huo. Alikuwa na wanafunzi zaidi ya 70, ubao, chaki, vitabu vya kugawana watatu watatu, na vipindi vya dakika 40.

Kisha kikaja kishikwambi.

Neno lenyewe lina historia yake fupi ya kupendeza. Kabla ya mwaka 2022 wengi walisema tableti, na waliosema kishikwambi walichekwa kidogo, kama wanavyochekwa wote wanaotangulia kutumia neno jipya. Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ndiyo iliyolitia neno hilo vinywani mwa watu, kwa sababu makarani waliingia nyumba kwa nyumba na chombo hicho mkononi, na magazeti na redio zikalitaja kila siku. Sensa ilipokwisha, serikali iliamua kwamba vishikwambi vile viende kwa walimu. Mwalimu wetu alikuwa karani pia, kama walimu wengi nchini. Alikuwa amekaa katika nyua za watu akisoma maswali kwa Kiswahili, mzee akajibu kwa Kisukuma, mjukuu akatafsiri, naye akabonyeza jibu. Kwa hiyo chombo kile alikijua kwanza kama kitu cha kuulizia na kungojea jawabu. Pengine hilo lilichangia alivyokitumia baadaye, ingawa mwenyewe hajapata kusema hivyo.

Ikumbukwe kwamba mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu skulini. Amri hiyo inafuatwa kwa ukali, na mwenye kukutwa na simu, hata kile kitochi cha vibonyezo, hujuta. Hivyo yale yanayosimuliwa kwingineko duniani, kwamba kila mtoto na chombo chake na sikio lake, hayakuwa mlango uliofunguka hapa. Palikuwa na chombo kimoja, cha mwalimu, kwa darasa zima. Ukifikiri vizuri, hali hiyo ina faida zake. Kitu kimoja kinachosikilizwa na watu sabini ni karibu zaidi na ngoma kuliko na kitabu.

Mwanzoni alifanya kosa ambalo wengi hulifanya. Alitumia bando lake mwenyewe kupakua mazungumzo ya Kiingereza yaliyosemwa na Waingereza wenyewe, akayapeleka darasani kwa furaha, akabonyeza. Sauti zilitoka mbio. Watu wawili waliulizana juu ya garimoshi, tiketi na hali ya hewa, mmoja akamdakia mwenzake maneno kabla hayajaisha, kama wafanyavyo watu walio kwao. Wanafunzi walisikiliza kwa adabu kubwa mno, ile adabu ambayo mwalimu yeyote aliyekaa kazini mwaka mmoja anaijua kuwa ni dalili ya kutoelewa. Alipouliza wamesikia nini, msichana wa mbele akasema, "Madamu, tumesikia watu wakigombana." Siku ya pili mvua ilinyesha juu ya bati na hapakusikika hata huo ugomvi.

Ndipo akaanza kurekodi sauti yake mwenyewe. Alijifungia chumbani usiku, akasema sentensi, akanyamaza, akasema nyingine. Suala lililomsumbua ni kipimo cha kunyamaza. Sekunde moja haikutosha: mwanafunzi hana budi asikie Kiingereza, akielewe, pengine kwa kupitia Kiswahili, pengine kwa kurudi hadi Kisukuma, kisha aanze safari ya kupanda juu tena na jibu lake. Sekunde kumi zilizidi, watoto wakaanza kucheka na kusukumana. Akajaribu tano, akajaribu tatu. Nne ndizo zilizokaa.

Hakuwa wa kwanza kugundua kimya. Katika miaka ya 1980 Kenya iliendesha mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa ya mwanzo ya skuli za msingi, na msingi wake ulikuwa huohuo: mtangazaji anauliza, ananyamaza, watoto madarasani wanajibu kwa pamoja mbele ya sanduku lisilowasikia. Mtindo huo ulikuwa umeanzia Nikaragua katika muongo uliotangulia, kwa hesabu. Wasomaji wa visiwani watakumbuka kwamba nao uliwafikia. Kipindi cha Tucheze Tujifunze, kilichoandaliwa Zanzibar katika muongo wa kwanza wa karne hii, kiliwaimbisha, kuwahesabisha na kuwajibisha watoto wadogo kwa mapengo hayohayo ya kimya. Waliokipanga walilazimika kukisia studioni muda ambao mtoto wasiyemwona angeuhitaji. Redio haikuweza kumngoja mtoto mzito. Likishapita limepita.

Kidole cha mwalimu juu ya kishikwambi kinaweza kungoja, na tofauti hiyo si ndogo. Katika masimulizi ya teknolojia darasani husikika zaidi habari za vyombo vinavyofanya kazi bila mwalimu. Mkoani Tanga, kati ya mwaka 2017 na 2019, watoto wa vijiji vipatavyo 170 waliokuwa hawaendi skuli walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, katika shindano la XPRIZE, na Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa kati ya washindi wawili, onebillion na Kitkit School. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2007, mradi wa BridgeIT ulikuwa umetumia simu ya mkononi kuteremsha filamu fupi za hesabu na sayansi hadi kwenye televisheni za skuli za msingi. Haya yalikuwa mambo makubwa, yenye wafadhili na tathmini. La Songwa halikuwa na jina wala mfadhili. Lilikuwa kidole kinachojua ni nani hasa anayengojewa.

Na walijibu. Katika mwezi wa kwanza walijibu kwa pamoja, kama kiitikio, na hapo mwalimu akakutana na kitu ambacho hakukitarajia. Wasukuma ni watu wa nyimbo za kupokezana. Mashindano ya ngoma baina ya Bagika na Bagalu yamewalea kwa vizazi kadhaa katika sanaa ya kushika maneno ya kiongozi na kuyarudisha bila kuangusha hata moja, na mtoto aliyekulia katika kulima kwa wimbo anajua zamu yake inapoingia. Sentensi ndefu ya Kiingereza ambayo darasani ingewashinda kwa kuisoma, waliirudisha yote baada ya kuisikia mara mbili. Mwalimu, aliyelelewa katika mashairi, aliona kwamba kwa hakika alikuwa anaendesha ngonjera, upande mmoja ukiwa kishikwambi. Tena ngonjera yenyewe ilienezwa na Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma ambaye bahari haikuwa karibu naye. Watu wa pwani hulisahau hilo kwa wepesi.

Tabu ilibaki katika sauti zenyewe.

Kisukuma hakina ile r ya Kiswahili, hakina th, wala dh, wala gh. Kila msimu wa uchaguzi watu wa mijini hufanya mzaha wa Msukuma anayekwenda kupiga kula. Katika ukanda huu mzima, kuanzia Shinyanga hadi Geita, madini ya njano yanayotolewa chini ya ardhi kwa jasho na hatari huitwa zahabu na wengi wa wanaoyachimba, na thamani yake husikika kama samani. Mwalimu alipofika alikuwa akisahihisha makosa haya kwa wepesi uliokuwa na chembe ya dharau, kama wengi wa pwani. Baadaye alitambua kuwa amekalia hazina. Sauti ambazo pwani ilizipata kwa Kiarabu ndizo hizohizo ambazo Kiingereza kinazidai: anayeweza kutamka thelathini kwa usahihi ana njia ya thirty, na ulimi unaosema dhahabu tayari uko mahali pa that. Kura na kula ni mlango wa right na light. Hivyo akaacha kufundisha Kiingereza moja kwa moja. Alirekodi orodha za maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza yakifuatana, thelathini kisha thirty, thamani kisha think, na baina yake sekunde nne. Kiswahili kikapata kazi ambayo mtaala haukukipangia, ya kuwa daraja la ulimi.

Katika hatua hiyo ndipo aliporekodi wanafunzi mmoja mmoja. Nia ilikuwa njema. Kila mmoja alisoma sentensi tatu, akaenda zake. Mwalimu angesikiliza jioni na kujua nani ameshinda th na nani bado. Kwa darasa kubwa kiasi kile, hakuna njia nyingine ya kumsikia mtoto mmoja peke yake. Vitabu vya mbinu za ufundishaji vinaipendekeza njia hii, na si vibaya kuipendekeza. Visemalo kwa uchache ni kwamba sauti iliyohifadhiwa ni kitu cha mtu.

Mchana mmoja, katika chumba cha walimu, mwenzake alimwomba asikie maendeleo ya darasa. Alikuwa amechoka, na kicheko kidogo kilikuwa kama chai. Akabonyeza sauti ya yule mvulana mrefu. Mvulana alikuwa amesoma kwamba ana kaka watatu na kwamba wanakaa karibu na mto. Kaka hao watatu, kwa ulimi wake, walitoka kwa namna ambayo chumba kizima kiliangua kicheko, mmoja akairudisha sentensi kwa kumwigiza, na mwalimu wa kutoka Mafia naye akacheka. Mlangoni alikuwa amesimama mvulana mwenyewe na madaftari ya darasa mikononi. Aliingia, akayaweka mezani, akasema "Shikamooni," akangoja kuitikiwa kama alivyofunzwa nyumbani, akatoka.

Hakulalamika. Hakukosa darasa hata siku moja. Aliandika kazi zake zote, tena vizuri. Hakufungua kinywa kwa Kiingereza tena.

Mwalimu alifuta sauti zote zilizokuwa katika kishikwambi, jambo lililoituliza nafsi yake na halikumsaidia mwingine yeyote. Alimwita mvulana akamwambia amekosa, naye akajibu, "Haina shida, Madamu," jibu ambalo katika Kiswahili cha siku hizi hufunga mlango kwa upole. Ndiyo ile siku ya chini ya mwarobaini, wiki ya tatu, kimya kiliporefuka hadi yeye mwenyewe akaona aibu na kubonyeza sauti iendelee.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwao. Si desturi ya walimu wengi kwenda nyumbani kwa mwanafunzi kama hapana msiba wala deni la michango, na bibi wa mvulana, aliyekuwa akichambua mtama uani, alidhani kuna baya. Mwalimu alisalimu kwa Kisukuma kidogo alichokuwa nacho. Mwangaluka ilitoka vizuri. Lakini alipofika kwenye mhola, neno ambalo ndiyo salamu na ndiyo amani na ndiyo habari, alilitamka kama alivyolitamka tangu afike Songwa, kwa kutia irabu ambayo haimo: muhola.

Bibi alicheka. Kilikuwa kicheko cha wazi, kisicho na siri, na mvulana aliyekuwa amesimama karibu na ukuta akainamisha kichwa kuficha chake. Kisukuma kina sauti za puani zinazopulizwa, ambazo Kiswahili hakina. Midomo hufungwa kama kwa m, lakini koo halitetemi, pumzi hupita puani peke yake kabla ya irabu kuingia. Anayeijua tangu utotoni hajui kwamba anafanya lolote. Mtu wa Kilindoni aliyefikia umri wa kuajiriwa bila kuisikia, sikio lake huipitisha kama upepo. Bibi alisema, mwalimu akarudia; akasema tena, mwalimu akarudia; akageukia mhayo, ambalo ni neno kwa maana ya neno, na hilo nalo likamshinda.

Mwalimu akatoa kishikwambi mkobani akaomba kuirekodi sauti ya bibi ili akajifunze. Bibi aliuliza jambo kwa Kisukuma. Mvulana akasita, kisha akatafsiri, "Anauliza, sauti yake utaipeleka wapi?"

Hilo ndilo swali ambalo wanafunzi 70 hawakuwa na uwezo wa kuliuliza walipoambiwa wasome sentensi tatu. Mwalimu alijibu kwamba ataipeleka darasani, ili wanafunzi wamfundishe. Bibi alifikiri, akaendelea kuchambua mtama, kisha akatoa sharti: isisikilizwe pahali ambapo mjukuu wake hayupo. Akakubaliwa. Akasema mhola mara tatu, akasema mhayo mara tatu, akaongeza salamu ndefu ambayo hakuombwa, na mwishoni akataka asikilizishwe. Alipojisikia alinyamaza kidogo, akasema kwa Kisukuma kuwa amezeeka.

Jumatatu darasa lilikaa tena chini ya mwarobaini. Mwalimu alieleza sharti la bibi, neno kwa neno, kisha akampa mvulana kishikwambi akishike yeye. Zamu ya kujibu, akasema, leo ni yangu. Sauti ya bibi ikatoka: mhola. Zikafuata sekunde nne. Mwalimu akajibu, na darasa likaanguka kwa kicheko. Wasichana walijifunika nyuso kwa madaftari. Hapakuwa na mmoja kati yao, hata wale walioshindwa kila mtihani wa Kiingereza tangu Januari, ambaye hakuisikia kasoro. Mwalimu alibaki amesimama ndani ya kicheko hicho hadi kikaisha chenyewe, na hapana shaka hakukuwa na raha ndani yake. Mtu anayejua lugha kwa urithi, akasimama mbele ya watoto bila kuweza kutamka herufi yao moja, anahisi kitu usoni ambacho hakikai katika ripoti za miradi.

Tangu hapo utaratibu ulibadilika. Sauti ya mwanafunzi haikusikilizwa asipokuwapo mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyebonyeza. Mwisho wa kipindi aliulizwa ifutwe au ikae. Wengi walisema ifutwe. Baada ya miezi miwili wengi wakasema ikae, kwa kuwa walitaka kujilinganisha na walivyokuwa. Kazi iliongezeka. Sauti 70 haziwezi kusikilizwa hivyo katika vipindi vya juma moja, na mwalimu alilazimika kuchukua kumi kumi na kuacha mengine ya mtaala yapungue, jambo ambalo mkuu wa taaluma alimuuliza kwa maandishi. Alijibu kwa maandishi. Matokeo ya mtihani wa mwisho wa mwaka yalipanda kidogo katika Kiingereza na hayakupanda popote pengine, na ni vigumu kusema kishikwambi kina sehemu gani katika kidogo hicho, kwani mwaka huohuo walipata vitabu vipya.

Mkoani Mara, mwaka 1934, mtoto mmoja wa Kizanaki aliingia skuli ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, na Kiswahili alikuta hukohuko. Miaka mingi baadaye Julius Nyerere alimtafsiri Shakespeare kwa lugha hiyo ya skulini, tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Mwalimu wa Songwa aliwasimulia wanafunzi wake habari hii siku moja mvua ilipowazuia kutoka nje. Walimwuliza kama Nyerere naye alichekwa alipokuwa anajifunza. Akasema hajui.

Kipindi cha mwisho kabla ya likizo ya Desemba, darasa lilikuwa dogo, wengi wakiwa wamekwishaondoka kwenda kusaidia mashambani maana mvua zilianza. Mvulana mrefu alikuwa ameshika kishikwambi. Ilikuwa zamu ya Kiingereza, na sauti ya mwalimu kutoka ndani ya chombo ikamwuliza yeye mwenyewe ana ndugu wangapi. Akajibu, kabla sekunde nne hazijaisha, kwamba ana kaka watatu. Namba ilitoka safi, ulimi mahali pake. Kaka bado walikuwa na l mahali pa r. Hakuna aliyecheka, naye hakungoja kusahihishwa. Alitafuta kwa kidole ile sauti nyingine, ya bibi yake, akaibonyeza.

"Mhola," bibi akasema.

Mwalimu akapumua puani, akajaribu. Mvulana akainamisha sikio kama mtu anayepima nazi. Kisha akasimamisha kishikwambi kwa kidole, kimya kisimkatize mwalimu wake.

"Tena, Madamu," akasema.